Namna ya Kumpata Mpandaji wa Kumwingiza Farasi Wako Mashindanoni

Huja wakati ambapo mwenye farasi hulazimika kukubali kwamba farasi wake yuko tayari kushindana, lakini si yeye atakayekaa juu ya tandiko. Pengine ameumia mgongo, pengine ni mjamzito, pengine kazi imemwelemea kiasi kwamba hapati saa za mazoezi, au farasi mchanga aliyemlea mwenyewe ameonyesha kipaji kinachozidi uwezo wake wa kukiendeleza. Katika hali zote hizo watu wengi huanza kwa kuulizia mpandaji hodari ni nani. Swali hilo ni la mwisho, si la kwanza. La kwanza ni farasi huyu anahitaji nini, kwa muda gani, na wewe unataka umpokee akiwa katika hali gani siku atakaporudishwa mikononi mwako.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kukosea mimi mwenyewe. Farasi wangu jike, mwepesi wa mdomo, yaani anayehisi hata mguso mdogo wa hatamu, na mwenye wasiwasi mbele ya umati, nilimkabidhi kwa mpandaji aliyekuwa akitajwa kila mahali, na sikumwuliza lolote zaidi ya tarehe aliyokuwa na nafasi. Miezi mitatu baadaye nilikuwa na utepe mmoja wa ushindi ukutani na farasi aliyekuwa akiinua kichwa juu kila hatamu zilipoguswa. Kumrudisha alipokuwa kulinichukua karibu mwaka mzima. Mpandaji yule hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa mpandaji wa farasi yule, na mimi ndiye niliyepaswa kuliona hilo kabla ya wote.

Anza na farasi mwenyewe

Sababu inayokufanya utafute mpandaji ndiyo inayoamua ni mpandaji wa namna gani. Ukiwa unatarajia kurudi kwenye tandiko baada ya miezi sita, unamhitaji mtu atakayemdumisha farasi katika hali ambayo wewe utaweza kumpanda, si mtu atakayemfanya mkali na mwepesi kupita uwezo wako. Ukiwa unakusudia kumwuza, unamhitaji mpandaji ambaye matokeo yake yanaaminiwa na wanunuzi wa daraja hilo, na ambaye anakubali mapema kwamba siku moja farasi ataondoka. Farasi wa miaka minne au mitano anayetolewa nyumbani kwa mara ya kwanza anahitaji mtu mwenye subira ya kutoka uwanjani bila ushindi akiwa ameridhika kwamba farasi alitembea mbele ya bendera na vipaza sauti bila kutetemeka. Na farasi dume anayejengewa jina kwa ajili ya uzalishaji ana mahitaji yake tofauti kabisa, yakiwemo ya nani anaweza kumshika salama karibu na farasi majike.

Ukishalijua hilo, mwandikie farasi wako taarifa ya ukurasa mmoja au miwili. Weka umri, kimo, uzito, daraja alilofikia na tarehe za mashindano yake ya karibuni pamoja na alama alizopata. Eleza lijamu (chuma cha mdomoni) anayotumia na kwa nini ilichaguliwa, tandiko lake lilipimwa lini, viatu vyake vinabadilishwa kila baada ya wiki ngapi, amewahi kuumia wapi na alitibiwaje. Kisha andika tabia zake bila kuremba: kwamba hageuki vizuri kulia akiwa katika mwendo wa shoti, kwamba huogopa maji yanayong’aa, kwamba hugoma kuingia katika gari la kusafirishia akiwa peke yake. Kumficha mpandaji mambo haya ni kumwuzia mbuzi kwenye gunia, na atakayeumia gunia likifunguka ni yeye au farasi. Ambatanisha video mbili: moja ya siku nzuri, nyingine ya siku ya kawaida. Mpandaji mwenye busara atajifunza mengi zaidi kutoka kwenye ile ya pili.

Katika taarifa hiyo usiuonee aibu uzito. Mwongozo wa zamani wa jeshi la wapanda farasi la Marekani, uliounga mkono kiwango cha asilimia 20 ya uzito wa farasi, ulikuja kupata nguvu katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio uliochapishwa mwaka 2008, ambapo farasi wanane walibebeshwa asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Katika viwango viwili vya juu, maumivu ya misuli na mapigo ya moyo yaliongezeka waziwazi. Kwa farasi wa kilo 500, asilimia 20 ni kilo 100, na humo mna tandiko, mavazi na kofia. Tandiko lenye vikuku vya kukanyagia na mkanda wake likichukua kilo 10, mpandaji aliyevaa kamili hapaswi kuzidi kilo 90. Hicho ni kikomo, si lengo, na farasi mchanga au anayeruka viunzi virefu anastahili kubebeshwa pungufu ya hapo. Urefu wa miguu ya mpandaji nao una maana, kwa sababu tandiko lililokatwa kwa mwenye paja fupi humsukuma mwenye paja refu nyuma, juu ya kiuno cha farasi.

Pa kumtafuta

Mtu wa kwanza kuulizwa ni mkufunzi anayekufundisha wewe na kumjua farasi. Anajua mdomo wake, anajua udhaifu wako, na mara nyingi anamjua mtu ambaye wewe humfikirii. Mwulize pia waziwazi kama yeye mwenyewe anautaka wajibu huo au kama anayempendekeza ni mwanafunzi wake. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo, lakini ni vizuri maslahi yajulikane mapema. Baada yake waulize daktari wa mifugo na fundi wa viatu vya farasi. Hawa wawili huingia katika mazizi mengi bila kutangaza, na huona farasi wakiwa wamefunguliwa matandiko. Fundi wa viatu anajua ni zizi gani ambalo farasi husimama wametulia na ni lipi ambalo kila farasi hurudi nyuma mtu anapoinua mkono.

Hata hivyo, mahali bora pa kumchunguza mpandaji ni uwanja wa kupasha misuli moto, kabla ya kengele kulia. Ndani ya uwanja wa mashindano kila mtu huwa na sura yake ya hadhara. Pembeni, penye farasi kumi na tano wanaopishana, ndipo utakapoona anafanya nini farasi wake anapogoma, anamsemesha vipi saisi, yaani mtunza farasi, aliyechelewa kuleta glavu, na kama baada ya kumaliza hulegeza mkanda wa tumbo na kumtembeza farasi au humwachia mtu hatamu na kwenda zake. Simama hapo siku mbili au tatu kabla hujamsogelea mtu yeyote. Matokeo yaliyochapishwa na mashirikisho yatakuonyesha upande mwingine: usiangalie nafasi za kwanza tu, angalia farasi wangapi tofauti amewapanda, amekaa na kila mmoja kwa muda gani, na wangapi walipanda daraja mikononi mwake badala ya kutoweka kwenye orodha. Mpandaji mwenye ushindi mwingi na farasi mmoja aliyemnunua akiwa ameshakamilika si sawa na mpandaji aliyewatoa farasi sita wa kawaida kutoka daraja la kwanza hadi la tatu.

Kwa kawaida utajikuta ukichagua kati ya mpandaji wa kulipwa mwenye farasi wengi na kijana mwenye uwezo asiye na farasi. Wa kwanza ana uzoefu, ana gari, ana saisi, na ameshakutana na kila aina ya ukaidi. Lakini farasi wako atakuwa wa nane katika safu yake, na siku ambayo farasi wa tajiri anayelipa ada ya wanane anashindana saa ileile na wako, wewe ndiye utakayepigiwa simu ya kuombwa radhi. Wa pili atamchukua farasi wako kama mboni ya jicho lake, atafika alfajiri, atamsafisha kwato mwenyewe, na pengine hatakudai malipo yoyote. Anachokosa ni uamuzi wa haraka mambo yanapoharibika, kwa hiyo kijana anafaa pale tu ambapo yuko mkufunzi anayemsimamia na farasi ana utulivu wa kumsamehe makosa. Farasi mchanga kwa mpandaji mchanga ni mpango ambao sijawahi kuupenda, hata pale unapokuwa na gharama ndogo.

Usijiamini kupita kiasi kwamba jina kubwa litakuhakikishia kitu. Farasi dume Totilas, chini ya Edward Gal wa Uholanzi, alipata asilimia 92.30 katika dresaji ya muziki (mchezo ambao farasi huonyesha miondoko kwa amri za mpandaji mbele ya majaji) jijini London mwishoni mwa mwaka 2009, kisha wakashinda medali tatu za dhahabu katika michezo ya dunia ya farasi huko Kentucky mwaka 2010. Mwaka huohuo aliuzwa Ujerumani na akapewa mpandaji mwingine, Matthias Rath, ambaye naye hakuwa mgeni katika mchezo. Walipata mafanikio ya hapa na pale, majeraha na magonjwa yakaingilia, lakini ule mwafaka wa awali haukurudi, na mwaka 2015 farasi akastaafishwa. Kwa upande mwingine, Carl Hester wa Uingereza, ambaye mwenyewe ni mpandaji wa Olimpiki na mmoja wa wamiliki wa Valegro, alimwachia farasi huyo mwanafunzi wake Charlotte Dujardin, aliyekuwa amempanda tangu akiwa mchanga. Pamoja walishinda dhahabu mbili London mwaka 2012 na dhahabu ya mtu mmojammoja Rio de Janeiro mwaka 2016. Na bado, mwaka 2024, Dujardin huyohuyo alijiondoa katika Olimpiki ya Paris na kufungiwa mwaka mmoja baada ya video kumwonyesha akimpiga farasi miguuni kwa mjeledi katika mafunzo ya faragha. Ndiyo maana nasisitiza utembelee zizi la mpandaji siku asiyokutarajia, na uyaangalie mazoezi yake ya kawaida, hata kama kabati lake limejaa vikombe.

Kanuni zinazoweza kukukwamisha

Kabla ya kumpandisha mtu yeyote, soma kanuni za shirikisho lako la taifa. Mpandaji huhitaji usajili na bima. Farasi huhitaji usajili na pasipoti, yaani hati ya kumtambulisha. Na katika baadhi ya nchi, Marekani ikiwemo, mpandaji anayelipwa kwa kumpanda farasi wa mtu mwingine hupoteza hadhi ya uridhaa, yaani ya kushindana bila malipo, hivyo kijana anayetaka kubaki katika madaraja ya waridhaa hawezi kupokea ujira wako hata kama nyote wawili mnaona ni haki. Madaraja ya umri nayo huamua nani aingie wapi. Katika mashindano ya siku tatu, yanayounganisha dresaji, mbio za nyikani na kuruka viunzi, na ambayo ya kimataifa hupangwa kwa nyota moja hadi tano, kufuzu kwa madaraja ya juu kabisa hupatikana farasi na mpandaji wakiwa pamoja, kwa hiyo kubadilisha mpandaji katikati ya msimu kunaweza kuwarudisha mwanzo.

Jambo ambalo wenye farasi wengi hawalijui ni hili la dawa. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, anayewajibika kwanza kipimo kikionyesha dawa iliyokatazwa ni yule aliyempanda farasi katika mashindano, ingawa mmiliki, saisi au daktari anaweza kuunganishwa naye ikiwa alihusika. Maana yake ni kwamba marhamu uliyompaka farasi Jumatatu nyumbani inaweza kumfungia mtu ambaye hata hakuwepo. Weka daftari la matibabu, andika kila kitu hadi unga unaochanganywa katika chakula, na umpe mpandaji nakala. FEI huchapisha muda ambao dawa mbalimbali huendelea kuonekana katika vipimo, lakini muda huo si idhini ya kumshindanisha farasi siku inayofuata. Daktari wa mifugo ndiye anayepaswa kuongeza siku za tahadhari. Angalia pia chanjo ya mafua ya farasi: katika mashindano ya FEI, nyongeza lazima iwe imetolewa ndani ya miezi sita na siku 21 kabla ya kuwasili, na isitolewe katika siku saba za mwisho. Farasi aliyekuwa akikaa nyumbani mara nyingi huwa amepitwa na tarehe hizo.

Jaribio

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Katika pentathlon ya kisasa, shindano linalounganisha michezo mitano, wanariadha walikuwa wakipewa farasi wasiowajua kwa kura na dakika 20 za kuzoeana nao kabla ya kuruka viunzi. Dunia nzima iliona katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, jinsi mwanariadha wa Ujerumani aliyekuwa akiongoza alivyopoteza kila kitu kwa farasi aliyekataa kwenda. Baada ya Paris 2024 upandaji ukaondolewa katika mchezo huo. Wako watu wenye karama ya kumwelewa farasi mgeni kwa dakika chache, lakini wewe usiupange mpango wako ukitegemea karama hiyo.

Siku ya jaribio la kwanza, farasi apandwe kwanza na yule aliyemzoea, akiwa na vifaa vyake vya kila siku, huku mgeni akitazama. Mpandaji anayefaa atauliza maswali wakati huo: humsukuma kwa mguu au kwa sauti, hupumzishwa vipi, hufanya nini akichoka. Asiyeuliza lolote, anayetazama simu yake mpaka zamu yake ifike, ameshakupa jibu.

Anapopanda, acha kumtazama yeye na umtazame farasi. Mara tu baada ya mpandaji kukaa, utaona sikio moja likigeuka nyuma kumsikiliza. Hilo ni jambo jema. Katika dakika tano za kwanza za mwendo wa hatua, mpandaji mwenye mikono mizuri huacha hatamu ndefu, kisha huzikusanya kidogokidogo kama mtu anayevuta uzi kutoka kwenye kitambaa bila kutaka kukikunja. Mdomo wa farasi huanza kutafuna taratibu na kutoa mate meupe machache. Mkia huning’inia na kuyumba pande zote mbili sawasawa. Akiingia mchakamchaka, sikiliza: vishindo vinapaswa kubaki na mdundo mmoja hata kwenye kona. Ukiona mkia unapigapiga kila mguu wa mpandaji unapogusa, mdomo umefungwa kwa nguvu au umeachama, jicho limetoa weupe, au jasho limetoka shingoni kabla kazi haijaanza, usijiambie kwamba ni ugeni tu. Ugeni hupungua kadiri dakika zinavyosonga, kutoelewana huongezeka.

Subiri pia kosa litokee, kwani litatokea. Farasi atashtuka, atakosea mguu wa kuanzia shoti, au atagusa kiunzi. Alichofanya mpandaji katika sekunde mbili zilizofuata ndicho nilichokuwa nikikitafuta katika kila jaribio tangu lile kosa langu. Anayeomba tena kwa utulivu, akaeleza baadaye kwamba alimwomba farasi akiwa hajajipanga, huyo ana nafasi kwangu hata kama kipaji chake ni cha wastani. Anayevuta hatamu kwa hasira kisha akacheka na kusema farasi anamjaribu, simrudishi mara ya pili.

Kesho yake asubuhi, pitisha kiganja chako mgongoni mwa farasi, kuanzia nyuma ya mabega hadi kiunoni, kwa mgandamizo wa wastani. Akizama au kuruka mahali ambapo juzi hakujali, chunguza tandiko na uzito kabla ya kumlaumu mtu. Kisha panga jaribio la pili, na la tatu katika uwanja mwingine ambao farasi haujui. Mpandaji akikwambia hana muda wa majaribio matatu, basi hana muda wa farasi wako.

Malipo na maandishi

Mali bila daftari hupotea bila habari, na farasi ni mali inayoweza kuvunjika mguu. Hata mpandaji akiwa mpwa wako, andikeni.

Kwanza tenganisheni gharama, kwa sababu ugomvi mwingi hutokana na kudhani kwamba ada moja imebeba kila kitu. Kuna malipo ya kumfanyia farasi mazoezi nyumbani, ya kumpanda kwa kila raundi au kila siku ya mashindano, ada za kuingia, kukodi banda uwanjani, usafiri, mshahara wa saisi, malazi na chakula cha mpandaji, viatu maalumu, na daktari. Kwa kila kimoja iandikwe nani analipa na lini. Zawadi za fedha nazo zigawanywe kwa kiwango kilichokubaliwa kabla ya farasi kukanyaga uwanja: wengine humwachia mpandaji zote, wengine hugawana nusu kwa nusu baada ya kutoa gharama. Farasi akiuzwa kwa sababu ya kazi ya mpandaji, je, atapata kamisheni? Ni asilimia ngapi, na ni hata kama mnunuzi aliletwa na mtu mwingine? Swali hili ukiliacha mpaka mnunuzi apatikane, utalijibu katika hali mbaya.

Kisha andikeni mamlaka. Nani anaamua farasi aingie daraja gani? Nani anaweza kumwondoa mashindanoni? Mimi huandika kwamba yeyote kati yetu wawili akiona farasi hayuko sawa, anamwondoa bila kumwuliza mwenzake, na hakuna anayelaumiwa kwa ada iliyopotea. Kifungu hicho kimoja kimeniepusha na majuto mengi. Taja lijamu na vifaa vinavyoruhusiwa, na kwamba havibadilishwi bila idhini yako. Taja kwamba farasi hapandwi na mwanafunzi, saisi wala rafiki wa mpandaji pasipo wewe kujua, kwa maana katika mazizi makubwa ndilo jambo linalofanyika kila siku ambayo mpandaji amesafiri. Taja ni mara ngapi kwa wiki utapata taarifa na video. Taja nani anatoa idhini ya matibabu ya dharura usipopatikana kwa simu, na kwa gharama isiyozidi kiasi gani. Weka muda wa kuvunja makubaliano, mathalani siku 14, na haki yako ya kumchukua farasi mara moja ukiona ametendewa vibaya.

Bima iulizwe kwa maandishi. Mwambie mwenye kampuni ya bima kwamba farasi atapandwa na mtu mwingine, atasafiri, na atashindana katika daraja fulani, kisha uhifadhi jibu lake. Bima nyingi za farasi hutofautisha kupandwa kwa starehe na kushindana, na ukimya wako unaweza kutumiwa kukataa madai. Mpandaji naye awe na bima ya kuumia kwake na ya madhara kwa watu wengine. Akiwa chini ya umri wa utu uzima, mzazi au mlezi wake ndiye atakayetia sahihi.

Mashindano ya kwanza

Wape wiki sita hadi nane za mazoezi ya pamoja kabla ya kuwaingiza popote, na mara ya kwanza waingie daraja moja chini ya lile ambalo farasi ameshalizoea. Mashindano mengi ya kitaifa huruhusu mtu kushiriki nje ya ushindani, bila nafasi wala zawadi, na hiyo ni njia nzuri ya kuwapa nafasi ya kukosea bila ya mtu kuhesabu. Siku hiyo fika mapema, mpeleke farasi, mkabidhi mpandaji daftari la farasi na kitambaa cha kumpangusia, kisha ondoka kwenye uzio wa uwanja wa kupasha. Hili ni gumu kuliko yote niliyoyataja. Utatamani kumwambia alegeze mkono wa kulia. Usimwambie. Farasi anakusikia, mpandaji anakusikia, na wote wawili wanapaswa kusikilizana wao kwa wao. Kama kuna mkufunzi, sauti iwe yake peke yake.

Baada ya raundi, mwache ashuke, alegeze mkanda, amtembeze farasi mpaka pumzi itulie. Maswali yako yasubiri mpaka farasi awe bandani na maji mbele yake. Ukiuliza wakati huo, utapata maelezo badala ya utetezi. Uliza alihisi nini, si alipata alama ngapi, kwa kuwa alama utazisoma mwenyewe. Katika dresaji omba karatasi ya majaji na muisome pamoja mstari kwa mstari, mkilinganisha maoni yao na video. Mara nyingi neno moja la jaji kuhusu mvutano wa shingo hueleza kile ambacho wewe ulikiona ukashindwa kukipa jina.

Mkishatoka mara nne au tano, kaeni chini muamue kama mnaendelea. Dalili za kusimamisha ni dhahiri ukitaka kuziona: farasi anayekonda, anayekataa kukamatwa malishoni ilhali zamani alikuwa akija mwenyewe, kukataa viunzi kunakoongezeka, lijamu inayobadilishwa kila mwezi kuwa kali zaidi, taarifa zinazochelewa. Kabla ya kufikia uamuzi, mwite daktari amkague mgongo, meno na miguu, kwa sababu maumivu hufanana sana na ukaidi na ni dhuluma kumwachisha mtu kazi kwa kosa la jino. Lakini farasi akionekana mzima wa mwili na bado hana raha, mwambie mpandaji ana kwa ana, mshukuru kwa yale aliyoyafanya vizuri, mlipe kila anachokudai siku hiyohiyo, na umwombe akuandikie ukurasa mmoja kuhusu alichokigundua juu ya farasi. Ukurasa huo uubandike katika daftari, chini ya taarifa uliyoiandika mwanzoni, ili mpandaji atakayefuata ausome kabla ya kuomba hatamu.